Safari ya Pangani na Swali la Mpwapwa

Ndugu Mhariri ameniandikia mara mbili akitaka nieleze habari za enzi zetu shuleni: uji wa asubuhi, kengele ya kipande cha reli, na mwalimu wa zamu aliyekuwa akiwavizia wachelewaji kwa tochi. Wenzangu wamekwisha kuyaeleza hayo katika matoleo yaliyopita, nami sina la kuongeza ila kwamba uji haukuwa mbaya kiasi hicho wanachodai. Badala yake naomba nafasi hii nilipe deni.

Wale tuliosoma pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1970 watakumbuka jinsi tulivyofundishwa Vita vya Abushiri. Ubao ulijaa majina na tarehe, nasi tukayakariri tukitembea gizani baina ya mabweni. Abushiri bin Salim alikuwa mzalendo, Wadachi walikuwa mabeberu, basi. Baadaye nami nikawa mwalimu wa historia, na mwaka 1979 nikapelekwa katika shule moja huko Mpwapwa. Niliwafundisha vijana yale yale niliyofundishwa, kwa maneno yale yale, na nadhani hata kwa sauti ile ile.

Siku moja mwaka 1983 kijana mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono. Akauliza: "Mwalimu, Abushiri alipokuja hapa Mpwapwa, alikuja kutukomboa sisi, au sisi tulikuwa njiani tu?" Darasa zima likacheka. Mimi sikuwa na jibu, na mwalimu asiye na jibu huwa mkali. Nikamwambia swali hilo halimo katika muhtasari, akae chini. Akakaa. Hakuuliza tena hadi alipomaliza. Baadaye alichaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule yetu hii hii, kwa hiyo si ajabu akawa anasoma ukurasa huu.

Nilistaafu mwaka 2015. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Agosti, nilipanda basi Dodoma kwenda Pangani. Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni hilo swali. Ya pili ni marehemu baba yangu, mtu wa Kondoa, ambaye kabla sijazaliwa alikwenda manamba katika mashamba ya mkonge upande huo, na ambaye hadi kufa kwake alilitaja jina la Pangani kama watu wengine wanavyotaja jina la ugonjwa waliopona.

Safari yenyewe si ya kueleza sana: Morogoro, Chalinze, Segera, Muheza, usiku mmoja Tanga, kisha kiasi cha kilometa 50 za barabara ya vumbi kuelekea kusini. Sisi watu wa Dodoma vumbi halitushtui. Kilichonishtua ni mto. Kwetu mto ni mchanga, unaojaa maji siku chache kwa mwaka, na siku zilizobaki watu huuchimba kutafuta ya kunywa. Mto Pangani hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, ukashuka mamia ya kilometa kupitia nchi kavu, na unapofika mjini ni mpana, wa rangi ya udongo, unakwenda baharini bila haraka. Mji umejengwa ukingo wa kaskazini. Ng'ambo ya pili ni kijiji kiitwacho Bweni. Nilipolisikia jina hilo nilicheka peke yangu, nikakumbuka mashuka na kunguni.

Mji ni mdogo. Mtu anaweza kuuzunguka wote kabla jua halijawa kali. Zipo nyumba za zamani zenye milango ya nakshi, nyingine mapaa yake yameanguka na mti umeota sebuleni. Lipo Boma, jumba nene la kuta nyeupe, ambalo Wadachi walilitumia na baada yao Waingereza. Wenyeji husimulia kwamba jumba hilo lilijengwa kwanza na tajiri wa Kiarabu, na kwamba chini ya nguzo zake walizikwa watumwa wakiwa hai ili nyumba iwe imara. Sijui mwanahistoria atalithibitishaje jambo hilo bila kubomoa nguzo. Lakini niliona kwamba aliyenisimulia hakulisema kama hadithi ya kumfurahisha mgeni. Alilisema kwa sauti ya chini, kisha akabadili mazungumzo.

Sasa tuje kwenye vita. Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kuikodisha Mrima kwa kampuni ya Wadachi. Mwezi wa Agosti mwaka huo wakala wa kampuni, Emil von Zelewski, alifika Pangani na kutaka bendera ya kampuni ipepee. Liwali na wenyeji walikataa. Askari wa manowari ya Kidachi wakateremshwa, na habari iliyoenea pwani nzima ni kwamba waliingia msikitini na mbwa wao. Watu wakachachamaa. Zelewski akafungiwa ndani ya nyumba hadi askari wa Sultani walipokuja kumwondoa. Huyu Zelewski ndiye yule yule aliyeitwa Nyundo, aliyeuawa na Wahehe kule Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Nilipokuwa mwalimu nilikuwa nikimtaja Kidato cha Pili akiwa Pangani na Kidato cha Tatu akiwa Lugalo, kama kwamba ni watu wawili.

Kiongozi aliyejitokeza Pangani ni Abushiri. Na hapa ndipo daftari langu la zamani lilipoanza kunisuta. Abushiri alikuwa mwenye shamba la miwa kando ya mto huu. Bonde la Pangani katika miaka ile lilikuwa nchi ya sukari, iliyopelekwa Unguja na Arabuni, na miwa ile ilikatwa na watumwa. Mwaka 1873, yaani miaka 15 kabla ya vita, watumwa wa mashamba hayo waliasi. Wengi wakavuka kusini ya mto, wakajenga makazi yao Kikogwe, wakakaa huko kama watoro walio huru. Jambo hilo sikulisikia hata siku moja nikiwa mwanafunzi, wala sikulifundisha nikiwa mwalimu. Tulisoma kwamba mwananchi wa pwani alipambana na mgeni. Hatukuambiwa kwamba wananchi wa pwani walikuwa tayari wanapambana wao kwa wao, na kwamba mzalendo wetu alikuwa upande wa wenye mashamba.

Sisemi hivyo ili kumshusha. Mtu anaweza kumiliki watumwa na papo hapo akakataa kutawaliwa, na wapo wengi wa namna hiyo katika historia ya dunia, hata miongoni mwa waliolianzisha taifa la Marekani. Lakini mwalimu anapaswa kusema yote mawili, nami nilisema moja.

Vita vilikwenda kama vitabu vinavyoeleza. Serikali ya Udachi ilimtuma Hermann Wissmann na askari wa Kisudani na wengine wa kutoka Afrika ya Kusini Mashariki. Mwezi wa Mei 1889 aliivunja boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo, na mwezi wa Julai akaiteka Pangani. Abushiri alikimbilia bara. Katikati ya mwaka huo alikishambulia kituo cha kampuni pale Mpwapwa. Mdachi mmoja aliuawa, mwingine akaponea chupuchupu akakimbilia pwani. Baadaye Wissmann alipanda hadi Mpwapwa akajenga ngome, na ilikuwa hapo hapo, mwezi wa Novemba, kwamba Stanley na Emin Pasha walipita wakitoka Ikweta kuelekea pwani. Mwezi uliofuata Abushiri alikamatwa, baada ya jumbe mmoja aliyemwomba hifadhi kumtoa kwa Wadachi, akarudishwa Pangani na kunyongwa tarehe 15 Desemba 1889.

Niliuliza mahali aliponyongewa. Mtu wa kwanza alinionyesha upande wa mtoni, wa pili akanionyesha upande wa baharini, na kila mmoja akaniambia nisimsikilize mwenziwe. Mzee wa tatu, niliyemkuta barazani akisuka wavu, hakunionyesha popote. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitika, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Dodoma. Akasema, "Ah, mdogo wangu, nyinyi watu wa bara mna reli."

Nilidhani hakunisikia vizuri. Kumbe amejibu swali kubwa kuliko nililouliza. Pangani ilikuwa mlango wa misafara ya pembe za ndovu iliyokwenda Kilimanjaro na Umasaini. Burton na Speke walipitia hapa mwanzoni mwa mwaka 1857, kabla ya safari yao ya Ugogo na Ziwa Tanganyika. Lakini mlango wa mto una fungu la mchanga, meli kubwa haziingii, ilhali Tanga ina ghuba yenye kina. Wadachi walipoanza kutandika reli mwaka 1893 waliianzia Tanga, ikafika Mombo mwaka 1905 na hatimaye Moshi. Bidhaa zilizokuwa zikishuka Pangani kwa vichwa vya watu zikapanda mabehewa. Mji haukuvamiwa wala haukuungua moto. Uliachwa tu.

Nikiwa nimekaa pale barazani ndipo nilipoifikiria Mpwapwa. Zamani za misafara Mpwapwa ndiyo iliyokuwa mji, kituo cha maji kabla ya kuikabili Marenga Mkali, na Dodoma ilikuwa kijiji cha Wagogo ambacho wasafiri wengi hawakukitaja. Reli ya kati ilipita Gulwe, ikaiacha Mpwapwa pembeni, ikafika Dodoma mwaka 1910. Leo wajukuu zetu wanaiona Dodoma kama kwamba Mungu aliiumba ikiwa makao makuu. Mtu akitaka kujua mji wetu ungekuwaje bila ile reli, na aende akakae Pangani siku tatu.

Siku ya pili nilivuka kwenda Bweni. Baba alikuwa akituambia habari za pantoni, jinsi manamba walivyosimama wamebanana, wengi wao hawajawahi kuona maji mengi hivyo, na jinsi mwenzake mmoja alivyofumba macho hadi ng'ambo. Mimi sikufumba, lakini nilishika chuma. (Baada ya safari yangu ujenzi wa daraja umeanzishwa mtoni hapo, kwa hiyo wajukuu hawatakuwa na haja ya kushika chuma.) Nilikodi pikipiki hadi Kikogwe.

Ndiyo, Kikogwe ile ile ya watoro. Mwaka 1893 Mdachi Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika huku hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa katika shamba la kampuni pale Kikogwe. Kutoka kwenye miche hiyo 62 ulienea mkonge wa nchi nzima, hadi mwaka 1964 Tanganyika ilipotoa kiasi cha tani 230,000. Kisha nyuzi za viwandani zikaua bei, na kufikia miaka ya 1990 hatukufikisha hata tani 50,000. Hivyo mahali walipokimbilia watumwa kuikwepa miwa ndipo ulipooteshwa mkonge, na miaka 60 baadaye baba yangu akaletwa kwa lori kuukata. Yeye alilipwa, sikatai. Alikuwa na kipande chake cha siku 30, na siku ambayo hakutimiza matita yake haikuandikwa. Alitumia karibu miezi miwili kujaza siku 30. Miiba ilimtoboa jicho la kushoto, na ndilo tulilolijua sisi watoto kama jicho lake la kawaida.

Nilisimama baina ya safu za mkonge hadi mwenye pikipiki akaanza kuangalia saa yake. Sikujua shamba la baba ni lipi hasa, kwani hakutuambia jina, nami nilipokuwa na umri wa kumwuliza nilikuwa nimeshughulika na kukariri tarehe za Wadachi. Nilikata kipande kidogo cha jani nikakitia mfukoni.

Basi, kijana wa dawati la nyuma, sasa najua wewe pia una mvi. Jibu ninaloweza kukupa ni hili. Abushiri hakuja Mpwapwa kwa ajili yenu. Alikuja kwa sababu Wadachi walikuwa wameikalia njia ya misafara, na aliyeishika Mpwapwa aliishika njia ya Bagamoyo hadi Tabora, pamoja na kila kilichopita humo, pembe na watu. Watawala wa Ugogo nao walikuwa na shauri lao: walitoza hongo kwa kila msafara uliotaka maji na chakula, awe Mwarabu, Mnyamwezi au Mzungu, na hawakuwa na sababu ya kumpenda mmoja kuliko mwingine. Wissmann alipojenga ngome yake, hongo hiyo ikaanza kufa. Kwa hiyo mlikuwa njiani, ndiyo, lakini njia ilikuwa yenu.

Ulikuwa na haki ya kuuliza, na mimi nilikosa nilipokunyamazisha. Kama una swali la pili, Mhariri anayo anwani yangu. Lile jani la mkonge limekauka, nimeliweka ndani ya daftari la mwaka 1983, kwenye ukurasa wa Abushiri.