Ukurasa wa Kurudi

Mama alipotoka Uvira mwaka 1998, kitu alichofunga ndani ya kitenge hakikuwa pesa. Kilikuwa pasipoti ya marehemu baba. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba kitabu kile ndicho kitakachotufungulia njia. Siku ya kuandikishwa, mwanamume aliyekaa mezani alikigeuza-geuza, akacheka kidogo: "Mama, hii ni ya Zaire. Zaire haipo tena." Alisema kweli. Nchi ilibadilishwa jina Mei 1997, na mwenye kitabu naye alikuwa ameshatangulia. Mama alikifunga tena, hakusema neno.

Siku ile nimeikumbuka sana tangu nianze kusoma habari za Warusi wa miaka ya 1920. Msicheke. Warusi wale na sisi wa Kakuma tuna undugu wa makaratasi. Baada ya mapinduzi ya 1917 na vita vilivyofuata, mamia ya maelfu yao walijikuta Istanbul, Berlin, Paris na hata China. Wengine walishika hati za mfalme ambaye hayupo. Desemba 1921 serikali mpya ya Moscow ikatoa amri ya kuwavua uraia wengi wao. Kumbe mtu anaweza kulala raia, akaamka hana kwao.

Kazi ya kuwashughulikia ilipewa Fridtjof Nansen wa Norway, mtu aliyejulikana kwa kuvuka barafu ya Greenland mwaka 1888. Julai 1922 wajumbe wa serikali walikutana Geneva wakakubaliana juu ya cheti kimoja cha utambulisho. Watu wakakiita pasipoti ya Nansen. Mwaka 1924 Waarmenia wakaongezwa, mwaka 1928 Waashuru. Mwishowe zaidi ya nchi 50 zilikitambua. Hata mchoraji Chagall na mwanamuziki Stravinsky walikuwa nacho.

Lakini cheti cha kwanza kilikuwa na kasoro kubwa: hakikumpa mwenyewe haki ya kurudi katika nchi iliyomwandikia. Hebu jiweke mahali pa ofisa wa mpakani. Anakuja mtu, anataka kuingia kwa mwezi mmoja. Ukimkubali, halafu kule alikotoka wakafunga mlango, atabaki kwako. Basi ofisa anakataa. Si lazima awe anamchukia yule mtu. Anaogopa tu kwamba mgeni wa mwezi atakuwa mgeni wa milele.

Mwaka 1926 mkutano mwingine wa Geneva ulijaribu kuziba tundu hilo kwa kukubali kanuni ya viza ya kurudi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ukakaza zaidi. Ibara ya 28 inazitaka nchi ziwape wakimbizi wanaoishi humo kihalali hati ya kusafiria. Kiambatisho chake kinasema kwamba nchi iliyotoa hati itampokea tena mwenyewe wakati wowote hati ikiwa haijaisha muda. Katika hali za pekee inaweza kupunguza muda wa kurudi, lakini usiwe chini ya miezi 3. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1966. Hiyo ndiyo asili ya kitabu tunachokiita CTD.

Changu nilikipata baada ya kungoja mpaka nikachoka kungoja. Nikaalikwa Berlin, mafunzo ya wiki 2. Dirishani niliulizwa kuhusu mwaliko, pesa, mahali pa kulala. Halafu swali la mwisho: "Kenya itakupokea ukirudi?" Nilifungua ukurasa wa kurudi, nikaweka kidole juu ya tarehe. Viza ikatoka.

Hapa kambini tunachanganya mambo. CTD si viza. Kitabu kinatolewa na nchi uliyomo. Viza inatolewa na nchi unayokwenda, nayo inaweza kukataa. Viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen ni siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, na si ruhusa ya kuhamia. Kuhamishiwa nchi ya tatu ni kesi nyingine kabisa: UNHCR inapendekeza, nchi ile inaamua, na hailipiwi hata shilingi. Zipo pia njia za kuungana na familia na za masomo, kama mpango wa WUSC wa Kanada ulioanza 1978, ambao vijana wetu wanaujua vizuri. Anayekuuzia viza nyuma ya duka anakuuzia pasipoti ya Zaire.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, mkitusaidia kujaza fomu msiishie kwenye jina na picha. Angalieni tarehe ya kurudi kabla ya mtu kulipa nauli ya kwenda Nairobi.

Mimi nilirudi. Bloku nzima ilishangaa. "Umerudi? Kweli?" Shemeji yangu alisema shule imeniharibu akili. Mama hakusema hivyo, lakini usiku aliniuliza polepole kama kule hakukuwa na mtu wa kunishika mkono. Sikuwa na jibu zuri. Simlaumu aliyebaki, kila mtu anaujua moto uliomkimbiza. Ila mimi nilikuwa nimeweka kidole juu ya ile tarehe, na nyuma yangu kwenye foleni alisimama binti wa Kakuma 3, ameshika kitabu kama changu. Swali nililoulizwa mimi, na yeye angeulizwa.

Kitabu changu kiliisha muda mwaka jana. Nimeomba kingine, nangoja. Kile cha zamani mama amekiweka pamoja na cha baba, ndani ya kitenge kilekile.