Somo la Historia: Maua ya Uani Yametoka Wapi?

Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni neno UA. Someni wote pamoja. Neno hili lina maana mbili. Ua huu wa nyumba, wingi wake nyua. Ua hili la kupamba, wingi wake maua.

Nyua nyingi za kwetu ni za minyaa, mmea wa Afrika ambao wazee wetu waliujua siku nyingi. Lakini maua mengi yaliyomo ndani ni wageni. Bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini. Ilipewa jina la Bougainville, nahodha Mfaransa aliyezunguka dunia kwa merikebu tangu 1766 hadi 1769. Jakaranda inatoka huko huko. Mkrismasi, ule unaochanua mwekundu mwezi wa Desemba, kwao ni Bukini, yaani Madagaska. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha shamba la majaribio huko Amani, Usambara, wakapanda mimea ya nchi nyingi. Reli nayo ilipita Manyoni na Itigi, ikafika Kigoma mwaka 1914.

Je, sisi hatukutoa kitu? Tulitoa. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya Mjerumani, Walter von Saint Paul, alipeleka kwao mbegu za ua dogo la zambarau la Usambara. Mwaka uliofuata likaitwa Saintpaulia. Leo linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani, na watu wa huko wamepata fedha nyingi kwa kuliuza. Kwao porini linazidi kuwa adimu, maana misitu inakatwa. Wengi wetu hata hatujaliona!

Sasa ninyi wafugaji, sikilizeni vizuri. Yuko mgeni aitwaye lantana, mwenye vishada vya maua ya manjano na mekundu pamoja. Alitoka Amerika, akapandwa kwa uzuri wake. Ndege hula matunda yake na kuangusha mbegu malishoni. Ng'ombe akila majani yake, ini huharibika, na jua humchoma ngozi hata ikapasuka. Pengine hufa.

Kazi ya nyumbani: andika majina ya maua matatu ya uani kwako. Kando ya kila jina, andika nani alilipanda na mche ulitoka wapi. Ukiikuta lantana, usiikate juu juu, maana huchipua tena. Ing'oe pamoja na mizizi.