Kuonyesha skrini si kukabidhi kompyuta

Msemo "kushiriki skrini" umeenea, lakini umebebeshwa mambo mawili yasiyolingana. Mfumo wa VNC wa kutazama na kuendesha kompyuta kutoka mbali, uliobuniwa Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1990, unaidhihirisha tofauti hiyo: picha ya skrini husafiri kutoka kompyuta inayotazamwa kwenda kwa mtazamaji, ilhali mibofyo ya kipanya na ya kibodi husafiri kwa njia ya kurudi. Ukiifunga njia hiyo ya pili, mgeni anabaki kutazama tu. Ukiifungua, anaweza kufuta mafaili, kufungua barua pepe, hata kutuma fedha, na kompyuta hutii kana kwamba mwenyewe ndiye aliyeketi mbele yake. Hapo kitenzi kinachofaa ni kukabidhi, kwa sababu anayekabidhi anajua kwamba mamlaka yamehama.

Wapo watakaosema kwamba "shiriki" imekwisha kuzoeleka, na lugha ni ya wasemaji wake. Ni kweli, na mtu akisema "anashiriki" picha za harusi sina ugomvi naye. Lakini matapeli wanaojifanya mafundi wa kompyuta hunufaika na utata huohuo: humwomba mtu "ashiriki" skrini, kisha hushika usukani. Neno pole kupita kiasi humnyima mtu nafasi ya kukataa akijua anachokikataa. Kwa hiyo, kwenye programu hizi, kitufe kimoja kiandikwe "Onyesha skrini"; kingine, mbali nacho, "Kabidhi kompyuta", pamoja na jina la anayekabidhiwa na njia ya kumwondoa papo hapo.