Nasaba Iliyolala Mahakamani

Anayetafuta ukoo wake Zanzibar huanza kwa wazee, na ndivyo ipasavyo. Lakini simulizi za nyumbani mara nyingi huukwepa utumwa, na hapo ndipo karatasi za serikali zinapohitajika. Amri ya kufuta utumwa ya tarehe 6 Aprili 1897 haikumweka mtumwa huru papo hapo: ilimtaka aende mwenyewe kuomba uhuru wake mahakamani, na bwana wake alipwe fidia. Fidia hailipwi bila maandishi, na maandishi hayo yakahifadhi habari za watu ambao nasaba za majumbani ziliwafuta.

Wapo wasemao kumbukumbu za watawala haziaminiki. Ni kweli ziliandikwa kwa ajili ya fedha, si kwa ajili ya wajukuu. Tena masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909, kwa hiyo kumkosa bibi humo si dalili kwamba hakuwa mtumwa. Mtafute kwenye mirathi, wakfu na kesi za kadhi, kwa kuwa watoto wa suria na bwana wake walikuwa warithi halali. Nyaraka za Taifa ziko Kilimani, mjini Unguja. Nenda ukiwa na majina ya watu na mashamba uliyoyapata kwa wazee wangali hai.