Oymyakon

Oymyakon (kwa Kirusi: Оймякон; kwa Kiyakuti: Өймөкөөн) ni kijiji cha Jamhuri ya Sakha (Yakutia) katika mashariki ya Siberia, nchini Urusi. Kipo kando ya mto Indigirka, ndani ya wilaya ya Oymyakon ambayo makao makuu yake ni Ust-Nera. Katika sensa ya mwaka 2010 kilikuwa na wakazi 462.

Kijiji hiki kinajulikana duniani kote kwa sababu ya baridi yake. Tarehe 6 Februari 1933 kituo cha hali ya hewa cha bonde la Oymyakon kilipima halijoto ya −67.7 °C. Ni mahali pachache tu panapokaliwa na watu mwaka mzima ambapo kipimo cha namna hiyo kimewahi kupatikana.

Jina

Kwa kawaida jina la Oymyakon huelezwa kuwa limetokana na neno la lugha ya Kieveni lenye maana ya sehemu ya maji isiyoganda wakati wa baridi. Karibu na kijiji kuna chemchemi ambazo maji yake hubaki majimaji hata katika Januari, na samaki hukimbilia sehemu za aina hiyo. Hivyo mahali penye baridi kali kuliko karibu pote duniani pamepewa jina linalohusu maji yasiyoganda.

Jiografia

Oymyakon kipo kwenye latitudo ya 63° Kaskazini, yaani takriban km 350 kusini kwa Duara la Aktiki. Kwa mstari mnyoofu kiko zaidi ya km 650 kutoka Yakutsk, mji mkuu wa jamhuri. Kijiji kikubwa cha jirani ni Tomtor, takriban km 30 upande wa kusini-mashariki.

Bonde la Oymyakon liko kwenye kimo cha mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari na limezungukwa na milima. Mto Indigirka, wenye urefu wa km 1,726, hupita hapa ukielekea kaskazini hadi Bahari ya Siberia ya Mashariki. Ardhi yote ni jalidi ya kudumu: udongo wa chini hubaki umeganda mwaka mzima, na tabaka la juu tu huyeyuka wakati wa kiangazi.

Kwenye mwezi wa Desemba mchana hudumu chini ya saa 5. Mwezi wa Juni hudumu zaidi ya saa 20.

Tabianchi

Kuna sababu tatu kuu za baridi ya Oymyakon. Ya kwanza ni umbali kutoka bahari zenye maji ya vuguvugu, hivyo hakuna kitu cha kupunguza ukali wa majira. Ya pili ni kanieneo kubwa ya hewa inayokaa juu ya Siberia wakati wa baridi. Anga huwa bila mawingu, upepo ni mdogo, na joto la ardhi hupotea angani usiku mrefu. Ya tatu ni umbo la bonde. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya vuguvugu, kwa hiyo huteremka kutoka milimani na kukusanyika chini kama maji ndani ya bakuli. Mara nyingi mtu anayepanda mlima wakati wa baridi hukuta hewa yenye joto zaidi kuliko ile ya kijijini.

Wastani wa halijoto ya Januari ni takriban −46 °C, na wa Julai ni takriban 15 °C. Tarehe 28 Julai 2010 ilipimwa 34.6 °C. Tofauti kati ya kipimo hicho na kile cha 1933 ni zaidi ya nyuzi 100, jambo ambalo ni nadra sana duniani. Mvua na theluji kwa pamoja hazizidi sana mm 200 kwa mwaka.

Oymyakon hushindana na mji wa Verkhoyansk, pia katika Yakutia, kuhusu cheo cha "Ncha ya Baridi" ya nusudunia ya kaskazini. Verkhoyansk ilipimwa −67.8 °C mwaka 1892, hivyo tofauti ni ndogo mno. Kijijini kuna mnara unaotaja −71.2 °C, lakini namba hiyo ilitokana na makadirio, si kipimo cha kituo. Mwaka 2020 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikubali kipimo cha −69.6 °C kilichopatikana Greenland mwaka 1991, ila mahali pale juu ya barafu hapakaliwi na watu.

Historia

Kabla ya karne ya 20 bonde hili lilitumiwa na Waeveni na Wayakuti. Wafugaji wa kulungu aktiki walipita hapa katika safari zao na kuwanywesha wanyama wao kwenye maji yasiyoganda. Mwaka 1926 mwanajiolojia Sergei Obruchev alifika eneo hilo katika safari ya utafiti iliyowezesha kutambua safu ya milima ya Chersky, ambayo hadi wakati ule haikuwa kwenye ramani kwa usahihi.

Kati ya miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Umoja wa Kisovyeti iliwalazimisha wafugaji wahamaji kukaa mahali pamoja. Kituo cha kunyweshea mifugo kikawa kijiji cha kudumu.

Miaka ileile, shirika la serikali Dalstroy, lililoundwa mwaka 1931 kwa ajili ya kuchimba dhahabu ya Kolyma, lilianza kutumia wafungwa wa kambi za Gulag. Wafungwa hao walijenga barabara kati ya Magadan na Yakutsk, na tawi lake la zamani lilipita Tomtor. Wengi walikufa kwa njaa, uchovu na baridi, ndiyo maana barabara hiyo huitwa "Barabara ya Mifupa". Mwandishi Varlam Shalamov, aliyekuwa mfungwa wa Kolyma kwa miaka mingi, alifanya kazi kama mganga msaidizi katika eneo la Oymyakon baada ya kumaliza kifungo chake mwaka 1951, hadi alipoondoka mwaka 1953. Baadaye alieleza maisha ya kambi katika "Hadithi za Kolyma".

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia uwanja wa ndege ulijengwa karibu na Tomtor. Ulikuwa sehemu ya njia ya kupeleka ndege za kivita kutoka Alaska kupitia Siberia, kama msaada wa Marekani kwa Umoja wa Kisovyeti.

Wakazi na maisha

Wakazi wengi ni Wayakuti, na lugha zinazotumika ni Kiyakuti na Kirusi. Kazi za jadi ni ufugaji, uvuvi na uwindaji. Farasi wa Kiyakuti hukaa nje majira yote na kufukua theluji kwa kwato ili kupata majani. Ng'ombe huwekwa ndani ya mazizi yenye joto. Kilimo ni kidogo, hivyo chakula ni hasa nyama, maziwa na samaki. Samaki wabichi walioganda hukatwa vipande vyembamba na kuliwa hivyohivyo. Chakula hicho huitwa stroganina.

Mabomba ya maji hayawezi kuzikwa katika ardhi iliyoganda, kwa hiyo nyumba nyingi zina choo cha nje, na watu hukata vipande vya barafu mtoni kwa ajili ya maji ya kunywa. Gari lisilo na banda lenye joto huachwa likiunguruma, kwa sababu likizimwa huenda lisiwake tena. Kabla ya kuchimba kaburi, moto huwashwa juu ya ardhi ili udongo ulainike. Shule hufungwa baridi ikipita takriban −52 °C.

Hali ya sasa

Watalii huja kuiona "Ncha ya Baridi", na huko Tomtor hufanyika tamasha la baridi linalomhusu Chyskhaan, mlinzi wa baridi.

Hata hivyo Yakutia inazidi kupata joto. Tarehe 20 Juni 2020 Verkhoyansk ilipimwa 38 °C, na mwaka 2021 moto wa misitu uliteketeza maeneo makubwa ya jamhuri. Jalidi ya kudumu ikiyeyuka, nyumba na barabara zilizojengwa juu yake hutitia na kupasuka, na malisho hujaa maji. Kwa wakazi wa eneo hili, ardhi iliyoganda ndiyo msingi wa kila kitu kilichojengwa.