Deni Lilivyoyaingia Mashamba ya Karafuu

Ndugu msomaji, huenda leo mfukoni mwako mna kadi ya benki ya kukopea, au simu ikupayo mkopo kabla hujamaliza kuuomba. Mwisho wa mwezi waambiwa: lipa kidogo tu, kilichobaki kitangoja. Tuseme wadaiwa shilingi 100,000, na riba ni 3 kwa mia kila mwezi. Ukilipa 5,000, basi 3,000 zimemezwa na riba, na deni lenyewe limepungua 2,000 tu. Wengi hudhani hesabu hii imekuja na mitambo ya siku hizi. La! Wazee wetu wa Unguja na Pemba waliijua vyema, nayo iliwatoa wengi wao katika mashamba yao.

Mkarafuu ni mti wa neema, lakini si mti wa mwenye haraka. Ukiupanda leo wangoja miaka 6 au 7 kabla ya kuchuma. Na hata ukishakuwa mkubwa hauzai sawasawa. Mwaka huu matawi yainama kwa karafuu, na mwaka ujao hupati hata gharama ya kupalilia. Ama tumbo halina mwaka wa karafuu; watoto wala kila siku. Basi mwenye shamba alikuwa tajiri wa miti na maskini wa fedha, na hapo ndipo daftari la dukani lilipoingia. Alichukua mchele, nguo na mafuta ya taa, akaandikwa, na ahadi ikawa ni kulipa karafuu zitakapochumwa.

Misukosuko nayo haikukoma. Katika zama za Seyyid Said watu walipanda mikarafuu kwa wingi mno, hata bei ikaanguka katika miaka ya 1840. Mwezi wa Aprili 1872 ikapiga dhoruba kubwa iliyoing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Mwenye shamba wa Unguja aliyekuwa akidaiwa alibaki na deni bila ya miti. Kisha mwaka 1897 utumwa ukaondolewa katika sheria, na mwenye shamba akatakiwa kuwa na fedha mkononi za kuwalipa wachumaji. Wako wasemao kwamba hilo ndilo lililowadhulumu wazee. Mimi sisemi hivyo. Dhulma ilikuwa ile ya kabla yake. Lakini ni kweli kwamba fedha hizo za ujira nyingi zilikuwa za kukopa.

Sasa tutazame mkopo wenyewe, kwani hapa pana jambo la kutuonea haya. Mwislamu alijua kwamba riba ni haramu, na mkopeshaji naye hakutaka kukopesha bila ya faida. Ikatafutwa njia, nayo ni bei ya khiyari. Tuseme mtu ahitaji rupia 1,000. Huandika hati kwamba amemuuzia mwenye fedha shamba lake kwa rupia 1,000, kwa sharti kwamba akizirejesha katika muda fulani shamba litarudi kwake. Kisha siku ile ile mnunuzi humkodisha muuzaji shamba lile lile, kwa kodi ya kila mwaka. Shamba halikuhama, mwenyewe yumo ndani yake achuma, na kodi hiyo ndiyo riba yenyewe iliyovishwa kanzu. Wanazuoni walikhitalifiana juu ya bei za namna hii, na huko Hadhramaut walikuwako walioijuzisha iliyo mfano wake, waiitayo bei ya uhda. Mimi simhukumu mzee aliyetia saini hali watoto wake wana njaa. Ila hakimu wa Serikali, asiyekuwa mwenzetu katika dini, aliitazama hati hiyo akasema ni rehani tu. Jina halikumdanganya yeye; lilitudanganya sisi.

Wala tusiutupe mzigo wote juu ya wafanyabiashara wa Kihindi, kama ilivyokuwa desturi ya barazani. Wengi wao walikuwa na wawia wao huko Bombay, nao wakikosa usingizi kama wadeni wao. Tena aghalabu hawakulitaka shamba, walizitaka karafuu. Na katika hayo madaftari hamkuwa na mchele peke yake. Mlikuwa na arusi za siku saba, na hitima za kulisha mtaa mzima.

Katika miaka ya 1930 bei ya karafuu ilianguka, na deni likawa halina pa kujificha. Serikali ilichunguza, na mwaka 1933 ikatolewa taarifa juu ya madeni ya wakulima. Mwaka 1934 zikaja sheria: madai yasimamishwe kwa muda, na shamba la Mwarabu au la Mwafrika lisihamie kwa mtu wa jamii nyingine bila ya idhini. Wafanyabiashara wakaona wamelengwa wao. Sheria ya karafuu ya 1937 ilipozidi kuwabana, wakasusa biashara hiyo, na chama cha Congress huko India kikawaunga mkono. Mapatano yakapatikana mwaka 1938, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kusuluhisha madeni ya mashamba.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na shamba dogo huko Pemba. Mama alinisimulia kwamba alipofariki, yule mwenye duka alikuja matangani, akakaa mkekani na watu, wala hakutaja deni. Baada ya siku arubaini akaja na daftari lake. Wajomba zangu wakakaa naye usiku kucha, taa katikati, wakisoma mstari kwa mstari. Wakaona kwamba vitu vilivyoliwa na kuvaliwa havikufika nusu ya deni. Kilichobaki kilikuwa ni nyongeza za miaka ambayo karafuu hazikuzaa. Mjomba mkubwa alitaka kukataa. Mdogo wake akasema kwamba baba alikubali kwa mkono wake mwenyewe, na mirathi haigawanywi kabla ya deni. Wakalipa kwa misimu miwili ya karafuu na kipande cha shamba kilicho karibu na barabara. Kisha ndipo wakagawana. Fungu la mama lilikuwa mikarafuu kumi na mmoja.