Nani Atafikisha Toleo? Historia ya Jarida la Kulipiwa na Wasafirishaji Wake

Novemba 1952 gazeti la Daily Compass la New York lilifungwa, na mwandishi wake I. F. Stone akabaki hana kazi. Ilikuwa enzi ya Seneta Joseph McCarthy na msako wake dhidi ya wakomunisti, na mtu wa mrengo wa kushoto kama yeye hakupata mhariri wa kumpokea. Akaamua kujiajiri. Januari 1953, akiwa Washington, alitoa toleo la kwanza la I. F. Stone's Weekly: kurasa nne kila wiki, dola 5 kwa mwaka, bila tangazo hata moja. Mkewe, Esther, ndiye aliyesimamia upande wa biashara.

Mambo mawili yalimbeba. La kwanza lilikuwa majina. Stone alizipata orodha za wasomaji wa magazeti aliyowahi kuyafanyia kazi, yakiwemo PM na hilo Compass, akawaandikia na kuwaomba walipe. Wakalipa 5,300. La pili lilikuwa kibali cha Posta cha kutuma kwa daraja la pili, yaani nauli nafuu ya magazeti na majarida. Bila kibali hicho, stempu zingeitafuna ile dola tano ya msomaji. Baadaye Stone alieleza kwa shukrani kwamba Posta ilimpa kibali bila kumhoji kuhusu siasa zake. Alipolifunga jarida mwishoni mwa 1971, lilikuwa na wasomaji wapatao 70,000.

Orodha na msafirishaji: jarida la kulipiwa halijawahi kuishi bila hivyo viwili. Katika karne ya 16, waandishi wa Venice waliuza habari zilizoandikwa kwa mkono kwa wafanyabiashara na watawala, na wajumbe wa posta wakazipeleka mji hadi mji. Ndugu wa familia ya Fugger, matajiri wa Augsburg, walikusanya maelfu ya taarifa za aina hiyo kati ya 1568 na 1605, na sehemu kubwa imehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Austria mjini Vienna. Mwaka 1923 Willard Kiplinger alianzisha Washington barua ya kila wiki kwa wafanyabiashara, na hiyo nayo ilitegemea Posta.

Barua pepe ilionekana kuimaliza kero ya nauli. Agosti 1982 Jon Postel alichapisha itifaki ya SMTP, ambayo mpaka sasa ndiyo inayobeba barua pepe kutoka seva moja hadi nyingine. Ilitungwa kwa ajili ya jamii ndogo ya watafiti waliokuwa wakiaminiana, kwa hiyo haikumtaka mtumaji athibitishe kwamba ni yeye kweli. Yeyote angeweza kujaza jina lolote kwenye nafasi ya mtumaji, na barua ikapokelewa.

Dalili ya matatizo ilikuwa imeshaonekana. Mei 1978 Gary Thuerk, ofisa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 katika ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, akalaumiwa vikali. Intaneti ilipofika majumbani katika miaka ya 1990, barua taka zikawa mafuriko. Mwaka 1997 Paul Vixie na wenzake walianza kutunza orodha ya anwani za IP zilizojulikana kwa kutuma taka, na wenye seva wakaanza kuitumia kukataa barua zitokazo huko. Tangu hapo, ugumu ukawa ni kupokelewa.

Hapo ndipo zilipopata soko kampuni za kusambaza barua pepe: AWeber mwaka 1998, Mailchimp ya Atlanta mwaka 2001, kisha SendGrid, Mailgun na huduma ya SES ya Amazon. Kimsingi ziliuza sifa njema. Watumaji wengi hutumia anwani moja ya IP kwa pamoja, na mambo huwa kama ya abiria wa basi moja: mmoja akibeba magendo, basi zima linasimamishwa kizuizini. Ndiyo maana kampuni makini huwahoji wateja wapya walikoyapata majina yao, na huwafungia wanaonunua orodha mitaani.

Ukaguzi wenyewe hufanyika kwa sekunde chache. Seva ya mpokeaji huangalia kumbukumbu za SPF za jina la kikoa: je, anwani hii ya IP imeruhusiwa kutuma kwa niaba ya kikoa hiki? Kisha huthibitisha saini ya DKIM, mfumo uliosanifiwa mwaka 2007 kutokana na kazi za Yahoo na Cisco. DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012, huieleza seva ifanye nini majibu yasipolingana. Barua ikikataliwa, hurudi na namba: zinazoanza na 4 humwambia mtumaji ajaribu tena baadaye, zinazoanza na 5 humwambia aache kabisa. Anayeendelea kuzitumia anwani zilizokufa hujiharibia jina.

Kwa jarida la kulipiwa, hasara ni kubwa zaidi. Msomaji aliyelipa asipoliona toleo huhisi amedhulumiwa. Hughairi, au huenda benki kudai fedha zake. Tena zipo barua za aina mbili: toleo linalokwenda kwa wote, na risiti au kiungo cha kuingilia kwenye akaunti kinachokwenda kwa mtu mmoja. Kampuni ya usambazaji ya Postmark kwa miaka mingi ilipokea aina ya pili tu, ili matangazo ya wengi yasicheleweshe risiti ya mmoja.

Aprili 2014 Ben Thompson, Mmarekani aliyekuwa akiishi Taiwan, alianza kuuza makala za tovuti yake ya Stratechery kwa dola 10 kwa mwezi. Mfano wake uliwavutia Chris Best, Hamish McKenzie na Jairaj Sethi, walioanzisha Substack mwaka 2017. Jarida lao la kwanza lilikuwa Sinocism la Bill Bishop, linalohusu China. Substack iliweka uandishi, utumaji na malipo mahali pamoja, bila ada ya kuanzia, kwa kukata asilimia 10 ya mapato. Mwandishi mwenye wasomaji 1,000 wanaolipa dola 5 kwa mwezi huiachia dola 500 kila mwezi, kabla ya makato ya Stripe, kampuni inayochakata malipo. Ghost, iliyoanzishwa na John O'Nolan mwaka 2013, ilichagua njia nyingine: programu huria, ada maalumu, bila kukata mapato, na Mailgun ikisafirisha matoleo.

Wasafirishaji nao hufa. Twitter iliinunua huduma ya majarida ya Revue Januari 2021, ikaifunga Januari 2023. TinyLetter, iliyopendwa na waandishi wadogo, ilifungwa na mmiliki wake Mailchimp tarehe 29 Februari 2024. Mwezi huohuo Google na Yahoo zilianza kuwabana watumaji wakubwa: Google iliwataka wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku wawe na SPF, DKIM na DMARC, waweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3.

Januari 2024 Casey Newton aliliondoa jarida lake la Platformer kutoka Substack, baada ya mzozo kuhusu machapisho ya Wanazi katika jukwaa hilo, akalipeleka Ghost. Iliwezekana kwa sababu Substack humruhusu mwandishi kupakua orodha ya wasomaji wake, na malipo yalikuwa yakipitia akaunti ya Stripe iliyo kwa jina la mwandishi. Wasomaji hawakulazimika kulipia upya. Kwa hiyo anayechagua huduma leo, kabla ya kulinganisha bei, anafaa kuuliza mambo matatu: je, majina yanapakuliwa yote, akaunti ya malipo ni ya nani, na saini ya DKIM inabeba kikoa chake au cha kampuni?